Reli Katika Chumba cha Binti

Wifi yangu mpendwa,

Sisi wazima, ila kaka yako atanitia wazimu. Tangu astaafu, chumba cha binti yetu amekigeuza stesheni. Ni treni za kuchezea, na reli zake amezikaza kwa skrubu juu ya meza inayojaza chumba kizima. Kila treni ikifika kwenye kona inaanguka, naye anafoka kana kwamba nimeisukuma mimi.

Sasa binti yetu amerudi na kichanga chake. Kwa mumewe harudi tena, na ukiuona uso wake hutauliza kwa nini. Nikamwambia kaka yako aivunje meza.

"Nimebakiza kona moja tu," akanijibu.

Mjukuu wetu akalala kwenye kochi.

Jana uvumilivu uliniisha. Nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua reli mwenyewe. Akaingia, nikajiandaa kwa ugomvi. Akamtazama binti yake aliyesimama mlangoni na mtoto.

"Hivyo utazivunja," akaniambia. "Nipe mimi."

Alizifungua zote. Mpigie simu kaka yako, wifi. Hasira hazijaniisha, lakini siwezi kuvumilia kumwona amekaa hivi, mikono mapajani.

Ni mimi, wifi yako niliyechoka.