Kaka Yakobo, Ondoa Neno Lako juu ya Catherine

Kilakala,
Morogoro.
7 Machi 2004

Mpendwa kaka Yakobo,

Shikamoo. Hujambo huko Norwe? Na wifi Elizabeth je, miguu imeacha kumvimba? Nauliza kwa moyo, maana yeye sina ugomvi naye. Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mvua zimeanza mapema, mlima umefunikwa na ukungu kutwa.

Nimesali rozari nzima kabla ya kushika kalamu ili hasira inipungue. Haikupungua. Basi utaisoma barua hivyo hivyo.

Siku tulipomaliza matanga ya mama mdogo Maria ulimpigia simu mzee Kibwana, mkuu wa ukoo wetu, wazee wote wakiwa wameketi. Ukamwambia kompyuta uliyonitumia kwa ajili ya duka la kuchapa imeharibiwa na binti yangu Catherine kwa michezo, kwa hiyo atolewe dukani, akalime Kinole kule mlimani mpaka utakaporudi mwenyewe. Mimi hukuniuliza. Nilipofungua kinywa, mzee Kibwana akanikata: "Mjomba wake kasema. Wewe mama mtu tulia." Kwetu neno la mjomba halina wa kulipinga. Unalijua hilo, ndiyo maana ulilitumia.

Mtoto hakulia. Wakati anafunga mzigo aliniambia tu, "Mama, sikucheza. Nilifanya alivyonielekeza mjomba."

Sasa sikiliza alivyofanya. Ulitutumia mashine inayoendeshwa na mfumo uitwao Linux, ukajisifu kwamba ni ya bure na haishiki virusi. Ukasema draiva ya kadi ya picha, yaani ile programu inayokiwezesha kioo kuonyesha, haiji tayari. Kompyuta yenyewe huijenga ikiagizwa. Catherine akaagiza. Ikajenga, ikafika mahali ikagoma, kioo kikabaki cheusi na maandishi meupe. Akarudia, ikagoma palepale. Akakupigia simu akuulize, wewe ukamwita mvivu na mwongo kwa Kiingereza.

Baada ya yeye kwenda Kinole nilimwita mwalimu Idrisa anayefundisha kompyuta chuoni. Akaja Ijumaa baada ya swala, akaitazama kwa utulivu, mwisho akacheka peke yake.

"Mama Catherine," akasema, "mashine hii inadhani bado iko Ulaya kwenye baridi."

Akanieleza polepole mpaka nikaelewa. Mipangilio ya kuijengea draiva uliiandaa kwa kompyuta yako ya huko, kisha ukainakili kama ilivyo kwenye hii yangu. Kila ilipojenga ilitafuta vitu vya mashine yako, ambavyo humu havimo, ikaishia njiani. Ingemgomea hata fundi. Idrisa akairekebisha hiyo mipangilio tu, akaagiza upya, tukanywa chai. Kioo kikafunguka na rangi zake zote.

Kwa hiyo kosa ni lako, Yakobo. Lako peke yako. Umemhukumu mtoto wa watu kwa simu, ukiwa umejifunika blanketi, kwa kosa ulilolifanya kwa mikono yako. Na hicho Kiingereza chako cha kwenye simu, cha kumtisha binti, kimesaidia nini? Ungekuwa jirani ningekuja kukusema mlangoni kwako, majirani wakisikia.

Nilipanda Kinole kumweleza mzee Kibwana. Alinisikiliza, akala mkate niliompelekea, akasema, "Mambo ya kompyuta siyajui. Yakobo akisema arudi, hata kesho atashuka." Mimi niliyemzaa siwezi kumrudisha. Wewe unaweza.

Na muda hautungoji. Idrisa amemwombea Catherine nafasi kwenye mafunzo ya kompyuta pale chuoni, wamekubali, yanaanza baada ya Pasaka. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Nilimkuta shambani kwenye mteremko, viganja vimechubuka, akaniuliza kama kioo kimewaka. Nikamwambia kimewaka. Akaendelea kupalilia.

Sitaki uniombe radhi mimi. Mpigie mzee Kibwana, mbele ya wazee walewale, useme ulikosea na mtoto arudi.

Mpe wifi pole zangu, na wanao nawabusu. Wadogo zake Catherine, Leonard na Rosa, wanakusalimu. Mungu akulinde na barafu ya huko, na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo ninapokukasirikia,

Mama Catherine

Tafadhali nijibu upesi.