Vidonge Vyekundu vya Babu

Baba Saady, na wewe Saady,

Ugali uko kwenye hotpoti, isombe kwenye sufuria. Nyama hakuna, msitafute. Duka fungueni wenyewe. Nimempeleka Babu hospitali Kabanga kwa bajaji. ~~Nikichelewa msinipigie.~~ Nikichelewa, nipigieni.

Alfajiri ameanguka akitawadha. Nimemfunua kope, ndani kweupe pe. Nikakimbilia vidonge vyake vya kuongeza damu, vile vyekundu alivyopewa juzijuzi, nikakuta kopo tupu. Kumbe vile mnavyomeza kila asubuhi si vya kununua! Baba Saady, wewe unataka nguvu za ujana. Saady, wewe eti unajenga kifua. Wanaume wawili wenye afya zenu, mnamaliza dawa ya mzee! Isombe nikiwapakulia mnasema ni mboga ya wanawake. Damu ya kwenye majani ya muhogo hamuitaki, ya kwenye kopo la Babu mnaiiba.

Leo hiyo isombe iishe. Nikirudi nakagua sufuria, na kuku wasipewe.

Wakati namvalisha kanzu nimemuuliza Babu kama alijua. Akaniambia, "Nilikuwa nawaona, mwanangu. Waache, ndio wanaobeba magunia."

Jana mlimcheka alipokuwa anasinzia na tonge mkononi. Alijua kwa nini anasinzia, na bado akacheka pamoja nanyi.

Mama Saady