Mzigo Usionekane Kabla Haujafika

Jumatatu, 4 Machi 2024
Tangu nistaafu ualimu nauza maharagwe na viazi vya Musienene hapa Butembo. Kwa miaka mingi hakuna mteja aliyeniomba picha. Sasa binti yangu Solange hupiga video kila lori linapopakiwa: magunia, dereva, yeye mwenyewe juu ya mzigo na sweta yake nyekundu. Huiweka kwenye statut ya WhatsApp na katika kikundi cha wateja — «Beni, kesho tunashuka!» Wanawake wa soko la Beni huandaa mapema chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Biashara imekua. Sikatai.

Leo simu ya duka imepokea ujumbe kutoka nambari ngeni. «Ule mutoto wa triko nyekundu, anashuka tena siku gani?»

Hakuna jina. Hakuna agizo. Nimeusoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi.

Jumanne, 5 Machi
Solange amecheka. «Papa, ni kiliya tu, anataka kununua. Ama bwana anatafuta bibi.»

Nimemkumbusha jirani yetu Zacharie. Alichukuliwa na watu wenye silaha kwenye barabara hiyo hiyo ya Beni, mchana, pamoja na gari lake. Hajarudi. Solange akaacha kucheka.

Nimeweka kanuni. Simu ya duka izimwe duka linapofungwa. Hakuna sura ya mtu. Hakuna siku ya safari. Mzigo usionekane kabla haujafika.

«Mais papa, batu batasema tumeanguka.»

Waseme.

Jumamosi, 9 Machi
Wanasema. Vagheni, fundi cherehani wa mlango wa pili, ameniuliza mbele ya wateja: «Mwalimu, siku hizi maharagwe yako inaona haya?» Wamecheka. Nikatabasamu kwa adabu. Kujieleza kungekuwa kutangaza.

Nambari ile imeandika tena. «Mbona kimya?»

Nimeizuia. Halafu nikaogopa zaidi: sasa anajua kwamba tumemwona.

Jumatano, 13 Machi
Viazi vinaanza kuchipua. Lazima viende Beni kesho. Nilitaka kwenda mimi. «Papa, goti yako hata ngazi ya kanisa inaishinda,» amesema Solange. Ni kweli.

Tumekubaliana hivi: simu yake izimwe njia nzima. Akifika, anipigie. Asichapishe chochote. Ameahidi. Triko nyekundu imebaki msumarini.

Hatujamwambia mtu, isipokuwa Mama Élise, mteja wetu mkubwa wa Beni, kwa sababu ndiye anayefungua depo mzigo ushushwe. Nimempigia mwenyewe. Nimemwambia Solange anakuja kesho na viazi, nikamshukuru, nikakata.

Alhamisi, 14 Machi
Ameondoka asubuhi na dereva Gamaliel. Nilisimama barabarani hadi lori likapotea.

Nimefungua duka, nikawasha simu. Katika kikundi, Mama Élise ameandika: «Bamama, Solange iko njiani na viazi! Mukuje na magunia.» Na picha ya zamani: Solange juu ya mzigo, triko nyekundu.

Nimempigia. Amesema alitaka tu kunisaidia. «Statut yenu ilikufa, Mwalimu, donc nikafanya publicité, nikawatangazia.» Hana kosa. Nyumba yangu yote niliiamuru inyamaze. Yeye sikumwambia kwamba ni siri. Ameufuta ujumbe papo hapo.

Wengi walikuwa wameshausoma. Chini yake kuna majibu — mmoja anataka viazi vidogo, mwingine anauliza bei. Kisha ile nambari niliyoizuia. Kumbe imo kikundini siku zote. Imejibu hivi: «Merci, mama.»

Simu ya Solange imezimwa, kama nilivyoamuru. Siwezi kumwonya. Simu ya Gamaliel haipatikani.

Nimetuma ujumbe: rudini, popote mlipo rudini. Tiki moja tu. Nimeutuma tena. Tiki moja.

Vagheni ameniona mlangoni, akaja, akaketi nami bila mzaha wowote. Anasema mtandao wa njia hiyo hukatika kila mara. Najua.

Saa hii Solange angekuwa ameshafika.

Vagheni ameinyooshea simu kidole. Duara la kijani limewaka kuzunguka picha ya Solange: statut mpya. Nimempigia. Inaita, inaita. Haipokelewi.

«Fungua basi, Mwalimu,» anasema.

Sijafungua. Sijui ni mkono wa nani ulioiweka. Aliahidi kwamba hatachapisha chochote, na tangu utotoni hajawahi kunivunjia ahadi. Ee Mungu, leo awe amenivunjia.