Mululuza wa Baba

Bukoto, Jumapili

Shangazi Akoth,

Hili sijamwambia mtu, hata Mama. Kila asubuhi Baba anakunywa majani machungu ya mululuza, na ni mimi ninayemchemshia.

Shuleni tulisoma kwamba majani kama hayo huzuia kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari. Nilipomweleza Baba alicheka. "Daktari wangu huyu! Ila mama yako asijue." Nikamsihi kwanza aulize kliniki, kwa sababu anameza vidonge vya kisukari pia.

"Mululuza ni mboga," akasema. "Tangu lini mboga ikagombana na dawa?"

Leo kanisani alitetemeka, shati limelowa jasho, kitabu cha nyimbo kikamponyoka. Soda ndiyo iliyomwinua. Mama anasema ni malaria. Mimi najua ni sukari iliyoshuka, Shangazi. Sikudhani majani yana nguvu hivyo. Naye Baba amenikonyeza: "Kesho uongeze, mwanangu."

Kumwambia Mama kwa mdomo siwezi, unanijua. Nasikia ndala za Mama zikija mlangoni. Barua zako mimi huzificha chini ya godoro. Hii naiacha wazi mezani.

Wako,
Aluoch