Boksi la mashine ya kuchonga chuma

Kasulu, Alhamisi usiku

Nilipima mashine ikiwa imezimwa. Kosa ni hilo tu, na linaniuma kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Boksi lenyewe ni zuri. Bati pande zote, mlango wa plastiki ngumu ili nione ndani, kila kona nimeiziba ili chenga za chuma zisiruke nje. Tukaiingiza mashine, mimi na Mama Neema. Nikazungusha mkono wa meza yake. Meza ikasogea kushoto kidogo, ikagonga bati. Kulia, hivyo hivyo. Kazi ya meza ile ni kutembea, na mimi niliipima imesimama.

Ningecheka, kama si mama mkwe. Gunia letu la makopa ya muhogo linakaa karakanani, maana ndicho chumba pekee kisichovuja. Alipokuja mara ya mwisho aling'ata chenga ya chuma kwenye ugali. Aliitoa mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani, akaendelea kula. Afadhali angenigombeza. Na Jumapili anakuja tena.

Jioni tumeitoa mashine. Mama Neema akafungua mlango wa boksi, akaufunga, akaufungua tena.

"Baba Neema, hili chenga haziingii kweli?"

"Hata vumbi haliingii," nikamjibu kwa hasira.

Akaenda kuleta gunia.

Kwa hiyo makopa ndiyo yamo ndani ya boksi, na mashine iko nje. Mama mkwe atakula kwa amani. Mimi nitaendelea kurushiwa chenga usoni, na bati limekwisha.