Miguu Peku Mwambani

Kwako Dada Letebrhan,

Amani ya Mungu iwe nawe na wote hapo Mekele. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Sisi huku Geralta tu wazima, mavuno yameingia ghalani, na mke wangu Tsige ameshaanza kutengeneza pombe ya ubatizo. Anasema ole wako ukipitia kwa watu wengine kwanza.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba mjukuu wako anatimiza siku arobaini Jumapili, na kwamba umekataa abatizwe mjini, unataka apandishwe kanisani kwetu juu ya mwamba, mgongoni mwangu, kama marehemu baba alivyombeba binti yako. Umeandika kwamba kwa kuwa ni mimi, huna wasiwasi. Dada, mimi ninao.

Kazi yangu unaijua. Miaka thelathini nawashika waumini na wageni vifundo vya miguu, nawawekea pa kukanyaga. Viatu tunaviacha chini, maana pale ni patakatifu, na wayo mtupu ndio unaoijua njia. Basi tangu mvua za mwaka jana nyayo zangu zimekufa ganzi. Tsige aliona damu sakafuni kabla sijajua nimechomwa na mwiba. Daktari akasema ni sukari, nisitembee peku tena. Nikaitikia, nikaendelea kupanda. Padri hunitania kwamba siku hizi napanda kama kinyonga. Nacheka naye.

Sasa nakwambia nisilomwambia hata Tsige. Mwezi uliopita nilimbeba mtoto wa jirani yetu Abrehet. Katikati ya mwamba nilidhani nimekanyaga kishimo cha kuwekea mguu, kumbe mguu uko hewani. Nikabaki nimeshikilia kwa vidole, mtoto analia mgongoni. Abrehet alikuwa chini yangu. Akanishika kifundo, akauweka mguu wangu kishimoni.

"Hapa, baba. Kanyaga hapa," alisema taratibu, kama ninavyowaambia wengine.

Tulipofika juu alimchukua mwanawe bila kunitazama. Mpaka leo hajamwambia mtu.

Binti yangu Mihret anapanda kunishinda. Abebe yeye. Lakini najijua, dada: Jumapili, watu wote wakinitazama, nitavua viatu, nitanyoosha mikono, nitakuapia kwamba sijambo. Usinipe mtoto.

Wabusu wote hapo nyumbani. Mungu awafikishe salama.

Ni mimi mdogo wako,
Woldu