Kozi Mbili za Heliamu

Jumatatu, 9 Machi 1998
Nimetoka soko la nguo la Shahe, katoni za mzigo zimefungwa. Faksi mbili za kozi za kuzamia kwa heliamu, kutoka Hong Kong, ziko kitandani. Kozi ya kwanza: siku tatu, mwalimu anachanganya gesi, mwalimu anapima. Ya pili: siku tisa, kila mtu anapima mtungi wake na kutia saini. Idi, mdogo wangu, anataka ya siku tatu. Mwisho wa mwezi wenzake Unguja wanashuka kwenye meli iliyozama, mita sitini. Haraka haraka haina baraka, nimemwambia. Kacheka.

Alhamisi, 12 Machi
Nimempigia simu laoban, mwenye kozi fupi. Kila swali, mei wenti. Hakuna shida. Simwamini.
Mwaka jana, mita hamsini, kwa hewa ya kawaida, Idi alilewa. Alivua kipumulio akampa samaki. Nilimvuta kwa mkanda. Heliamu haileweshi, ndiyo maana tunaitaka. Lakini naogopa.

Jumamosi, 14 Machi
Viatu bado havijakauka.
Mwalimu wa kozi ndefu alikuja na vifaa, tujaribu kwenye bwawa la hoteli. Mitungi mitatu ya kijivu, sawasawa. Miwili ya bwawani. Mmoja wake mwenyewe, wa kina kirefu, oksijeni asilimia kumi. Ukiuvuta juu ya maji, unazimia. Nilipima miwili, nikabandika tepe, nikaandika kipimo. Idi akavaa, akaingia majini. Nikautazama mtungi wangu. Una tepe zote mbili. Nilikuwa nimepima mtungi mmoja mara mbili.
Niliruka na viatu. Nikakichomoa kipumulio kinywani mwake. Mwalimu akapima mtungi wa Idi: kumi.
Nikamuuliza Idi kwa nini hakupima.
“Kaka, si ushapima? Nirudie, nikuvunjie heshima?”

Jumapili, 15 Machi
Sikula. Ningemuua ndugu yangu kwa mkono wangu, naye angekufa kwa adabu. Kwetu mdogo hahesabu tena alichohesabu mkubwa. Kozi ya siku tatu ni hiyo hiyo, mkubwa anapima, wewe unavuta.

Jumanne, 17 Machi
Tumetuma faksi ya kozi ya siku tisa, inaanza Aprili. Majina mawili. Wenzake watashuka bila yeye. Amenuna kidogo.
Nimepika chai, nikafunga mtungi wa jiko. Idi akainuka, akaenda kuushika kuona kama umefungwa kweli. Nikamwachia. Chai tumekunywa.